Mpaka Adhana ya Alasiri

Ziro, dereva wa tuktuk, aliwapakia pale Ukunda abiria wawili wasiojuana: Swabir, kijana aliyekumbatia ubao wa sataranji, na Bi Twaiba, mama wa makamo mwenye beseni la mahamri.

"Shikamoo, mama. Leo nacheza na bingwa mkubwa wa sataranji pale hotelini. Baba mkwe anakuja kutazama."

"Marahaba, mwanangu. Utamshinda?"

"Wapi, mama! Wenzangu wanasema sifiki hata hatua ya kumi. Lakini tunaanza saa tisa. Kila kete nitaifikiria kama mtu anayechagua mke, mpaka alasiri. Ikiadhiniwa tu, nainuka naenda kuswali. Hapo nani atasema nimefungwa?"

Ziro, ambaye Jumapili huimba kwaya, aliona dini ya wenzake ina faida ambazo hakuwahi kuelezwa. Akapunguza mwendo.

"Hapo hakuna wa kukulaumu," alisema Bi Twaiba. "Na huyo bingwa anaitwa nani?"

"Abdurahman."

Bi Twaiba alifunika mahamri yake vizuri.

"Alhamdulillahi. Basi mtaswali jamaa, bega kwa bega, kisha mtarudi pamoja ubaoni."

Tuktuk ilisimama langoni mwa hoteli.

"Tumefika," alisema Ziro.

Swabir hakushuka.