Mkono wa Kushoto

Kwenye Hiace ya abiria iendayo Mwamkulu, mbele yangu walikaa skauti wawili wa zamani, Aloyce na Scola, wakipanga jubilei ya kundi lao. Keki ilishapatikana, spika pia. Waliokosekana ni skauti.

"Jana nimewapa watoto mkono wa kushoto, salamu yetu," Aloyce alisema. "Wakacheka. Eti, 'Babu, huo si wa chooni?'"

"Wangejulia wapi? Nyie viongozi mliacha kufundisha."

"Na wewe dada yangu, wanao uliwafundisha?"

Scola akatazama nje. "Tungeanza na watoto, Aloyce. Keki ingesubiri."

"Wageni wameshaalikwa."

Gari likasimama. Aloyce akanyoosha mkono wa kushoto kumuaga. Scola, bila kufikiri, akampa wa kulia.