Vigingi Alivyong'oa Fartun

Nilikuta mafiga matatu, na juu ya mawili wamekaa watoto wangu. Nyumba haikuwepo. Sisemi ilikuwa imeanguka, hapana. Haikuwepo. Palibaki duara la mashimo ya vigingi yaliyojaa maji, na pale kitanda kilipokuwa, kipande cha mchanga mkavu ambacho kilikuwa kinaanza kulowa. Nimo, mtoto wangu mchanga, nilikuwa nimembeba mgongoni nikitoka naye hospitali. Daktari alikuwa ameniambia, mama, kifua cha huyu kisipigwe na baridi tena, akirudi hapa hali hii sijui. Na upande wa mto Tana wingu jeusi lilikuwa limesimama.

"Hooyo, mbona umetokea huku?" akasema Fartun, binti yangu wa miaka sita. "Eddo alisema unatungoja kule."

Hooyo kwetu ni mama, na eddo ni shangazi, dada wa baba. Na huyo eddo ni Dekha. Najua katika kikao kama hiki watu husema "fulani", husema "kuna mtu mmoja". Mimi sijasoma, sijui kumpaka mtu rangi. Ni Dekha, dada wa mume wangu Abdinoor, na amekaa pale karibu na dirisha na shuka lake la kijani. Leo amekuja kuomba aingie kikundi chetu cha kusuka. Mama mwenyekiti alitaka tumpigie makofi. Nikasema ngoja, kabla ya makofi nipeni nafasi.

Salamu imenipita. Assalaam aleikum, dada zangu.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Ninyi ambao kwenu mwanamume ndiye hujenga, nisikilizeni vizuri, msipoelewa hapa hamtaelewa mbele. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Herio, nyumba ya mikeka na miti ya kupinda, mama yako anakusukia kabla hujaolewa. Mama yangu kule Ijara alitafuna maganda ya mgunga kwa meno yake mpaka yakalainika, akatoa nyuzi, akasuka. Alitafuna mpaka ufizi ukatoka damu, na bado akitema anacheka: "Mume anaweza kukuacha, Halima. Mkeka wangu hautakuacha." Tukihama, ni mimi ninaibomoa, ni mimi ninaipakia juu ya ngamia, ni mimi ninaisimamisha tena. Mwanamume anaingia kama mgeni aliyezoea. Hata akikupa talaka, anaondoka yeye na fimbo yake.

Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wetu, tukaja kukaa hapa bulla, mtaa huu wa pembeni ya mji wa Garissa. Halafu mwaka wa tisini na saba ikaja mvua. Mnaikumbuka, sina haja ya kueleza. Barabara zilikatika, vyumba vya udongo vikayeyuka kama sukari. Mikeka ya mama yangu haikuvuja. Lakini Nimo alishikwa na kifua, mbavu zikawa zinaingia ndani akipumua, nikakimbia naye hospitali. Fartun na Issack, aliyekuwa na miaka mitatu, niliwaachia Dekha.

"Nenda, abaayo," aliniambia. Abaayo, dada! "Hawa si damu yangu?"

Sikujua kwamba Abdinoor alikuwa amechumbia msichana. Haya, kuoa wa pili ni ruhusa yake, sina neno. Lakini msichana huyo, Hodhan, alikuwa yatima. Mama yake alikufa akiwa mdogo, hakuna mkono wa kumsukia nyumba. Na mjomba wake akasema hatoi binti akalale chini ya mti kwenye mvua hii. Basi Abdinoor akamwambia dada yake, tafuta mikeka. Hakusema ya nani. Huo ndio ujanja wa mume wangu, anatuma mtu wizi bila kutaja kitu cha kuibiwa.

Dekha akaja na mkokoteni wa punda. Na sasa ndugu zangu, hapa ndipo penyewe. Mnajua watoto wetu. Wakiona mwanamke anafungua kamba za nyumba, wanafurahi! Kuhama ni sikukuu. Kuhama ni maziwa mengi huko mbele. Dekha akamwambia Fartun, "Njoo umsaidie eddo, tunahamia pazuri, mama yako ametangulia." Fartun akang'oa vigingi. Vyote. Akakunja mkeka wa chini, akamfundisha na mdogo wake kushika ncha ya kamba. Mkokoteni ulipojaa Dekha akasema, "Kaeni hapo, nitawarudia."

Hakurudi.

"Nilifanya vizuri, hooyo?" Fartun aliniuliza akiwa amekaa juu ya figa. "Hakuna kigingi hata kimoja kilichovunjika."

Nikamwambia umefanya vizuri. Ningesema nini?

Jirani yangu Mama Mwende, huyu hapa mbele, alitoka chumbani kwake na ndoo, alikuwa anachota maji yaliyoingia mpaka kwa kitanda. Mapema, aliporudi kutoka sokoni, alikuwa amekuta watoto wamekaa pale, akawapa chai, wakakataa kuondoka kwenye mafiga kwa sababu eddo alisema wangoje. Alinivulia karatasi ya nailoni aliyokuwa amejifunika, akafunika mgongo wangu na Nimo. "Matope hayasemi uongo," akasema. "Fuata magurudumu."

Nikafuata. Issack kiunoni, Nimo mgongoni, Fartun nyuma ameshika nguo yangu. Alama za mkokoteni zilikuwa wazi kama mtu amechora. Kila tone likianguka nilikuwa nageuza shingo kusikiliza mtoto anapumua. Kuna mahali sikumsikia. Nikasimama, nikampiga kidogo na kiwiko, akakohoa. Nikaendelea.

Upande wa juu wa bulla niliiona nyumba yangu. Imesimama, imepambwa kwa vitambaa. Wanawake wa harusi wanapika kwenye sufuria kubwa. Na Dekha yuko juu ya kinu, anafunga kamba ya mwisho.

"Dekha, shuka," nikasema. "Mtoto anahitaji kulala."

Hata hakushtuka. "Si ulikuwa umelala hospitali, chini ya bati la serikali? Rudi huko. Hapa kuna bibi harusi."

"Hiyo ni nyumba ya mama yangu."

"Nyumba ni ya kaka yangu! Wewe ulikuja kwake na nini, na mdomo tu?"

Wanawake wakaacha mwiko. Maneno hayo hakuna mtu wetu huyasema, hata mlevi. Mmoja akafunika uso. Lakini hakuna aliyefungua mlango. Walikuwa wanatazama Abdinoor atatokea wapi. Na mvua ikaanza kweli sasa, mimi nimesimama nje ya mikeka yangu mwenyewe.

Ndipo bibi harusi akatoka. Msichana mwembamba, hina bado mbichi mikononi, anaiinua juu isiguse kitu. Akaniuliza polepole, "Mikeka hii ilisukwa na nani?"

"Usimjibu, ni mwendawazimu," Dekha akasema.

"Ilisukwa na mama yangu," nikasema. "Ingia ndani, juu ya kitanda, upande wa kichwa. Mbuzi alitafuna pale. Nimetia kiraka cha gauni la huyu mtoto, njano, na maua mekundu."

Hodhan akamtazama Fartun. Akaingia. Wallahi, sijawahi kungoja kitu kama nilivyongoja pale. Angesema hakuna kiraka, yameisha. Nani angeingia kumpinga siku ya harusi yake?

Akatoka. Hina ilikuwa imeharibika, vidole vimechafuka, maana alikuwa amekishika kile kiraka kwa mkono wake. Akamwambia Dekha, "Mimi sikuzaliwa na mama wa kunisukia. Unataka nilale juu ya meno ya mama wa mwenzangu?" Kisha akaninyooshea mikono. "Lete mtoto, eddo. Ingia kwako. Mgeni ni mimi."

Aliniita eddo, kwa heshima, yule aliyekuja kuwa mke mwenzangu. Tukaingia sisi watano. Nimo tukamweka chini ya kile kiraka.

Abdinoor alifika na mswaki mdomoni, manukato mpaka yanaumiza macho. "Nani yuko ndani?"

"Mwenye nyumba," Hodhan akamjibu.

"Na mimi?"

"Muulize dada yako. Amesema hospitali ina bati."

Hapo chekeni, ni sawa, hata mimi nilicheka. Alilala wapi sijui.

Mvua ilipopungua nilibomoa nyumba yangu, Hodhan akanisaidia kuirudisha karibu na Mama Mwende. Halafu tukaketi, mimi na yeye, tukatafuna maganda tumsukie yake. Mama Mwende akaja akitucheka midomo, akabaki. Wengine wakaja. Kikundi hiki mnachokiona kilianza kwenye mate yetu. Nimo sasa anakimbia, anapigana na mbuzi. Mama Mwende, asante. Hodhan, mwenzangu, Mungu akupe binti wa kumsukia. Na ninyi wasichana, somo langu ni dogo: mtu akikuletea nyumba iliyokwisha kusimama, uliza ilitoka wapi kabla hujalala.

Lakini sijamaliza.

Abdinoor yuko Griftu kwenye soko la mifugo, akirudi nina maswali yake. Dekha yuko hapa. Na simwulizi mikeka, mikeka ninayo. Fartun ana miaka minane. Kila jioni wasichana wenzake wanashika nyuzi, wanajifunza. Yeye ukimwita ashike kamba, anaficha mikono mgongoni. Juzi alimwambia Hodhan, "Mimi nikigusa nyumba, inaenda." Anaamini ni yeye aliyembomolea mama yake, na mdogo wake akakaribia kufa. Nimemwambia mara ngapi? Ananitazama tu. Anajua mama husema uongo wa kumtuliza mtoto.

Yuko pale mlangoni, amekaa juu ya viatu vyenu. Muoneni mikono yake iko wapi.

Dekha, unataka kuingia kikundi hiki, unataka kukaa na sisi kusuka. Simama. Usiniombe mimi msamaha, siuhitaji. Geuka kule mlangoni, umwambie mtoto huyu kwa kinywa chako, ni nani aliyebomoa nyumba.

Tunangoja. Hakuna atakayepiga makofi kabla hujasema.