Nyumba ya Hilda Isiyoanguka

"Shikamoo, babu," alisema Hilda alipoketi ndani ya basi, amepakata nyumba ndogo ya vijiti. Akaeleza kwamba anasomea usanifu wa majengo chuoni, na kesho mwalimu ataitikisa nyumba hiyo kama tetemeko. Ikianguka, amefeli.

"Marahaba. Kwa barabara hii umeshafaulu," alijibu mzee, fundi mwashi mwenye saruji kwenye kucha. Kweli, tangu tuondoke Dongobesh sisi abiria tumekuwa tukigongana vichwa, nyumba imetulia tu. Mzee akaikagua. "Mbona haina mlango?"

"Kila tundu linadhoofisha ukuta, babu."

"Kwa hiyo watu wapone tetemeko, wafe njaa humo ndani?"

"Swali la mwalimu halina njaa, lina tetemeko tu."

Gari likasimama Endagikot. Konda akavuta mlango, ukagoma. Akausukuma kwa bega, ukagoma. Mzee alimtazama Hilda, akaanza kufungua dirisha.