Mzee Kivuti na Kiota cha Nyota

Tarehe 30 Septemba 1997 Mzee Kivuti atastaafu, baada ya miaka ishirini na minane katika kitalu cha miche cha kituo chetu cha msitu, hapa juu ya Embu. Alianza kwa kubeba maji. Anaondoka akiwa nyapara, na hajawahi kumfokea mtu, hata sisi tunaochelewa kwa sababu mtoto hakulala.

Miti yote ya miringa iliyo kando ya barabara ya kanisani ilitoka mikononi mwake. Lakini hapa nitamsifu kwa ajili ya ndege.

Ni ndege mdogo wa msituni, kichwa kijivu, kifua cha manjano. Mbele ya kila jicho ana doa jeupe analolificha; akishtuka ndipo hulitoa, kwa hivyo tunamwita Nyota. Hukaa kivulini, karibu na ardhi. Siafu wakipita huwafuata, akidaka wadudu wanaowakimbia. Kiota hukijenga chini, kwenye ukingo wa korongo, kwa mizizi myembamba na majani makavu, kimefunikwa kama kibanda. Ukikitazama ni takataka tu.

Shida ilikuwa hapo. Udongo wa kujaza mifuko ya miche tunautoa korongoni mvua zikianza, na Nyota naye hutaga wakati huohuo. Tulikuwa tunakwangua majani kwa jembe, mayai yanakwenda nayo ndani ya karai. Mzee Kivuti akaanza kututangulia, polepole, na fimbo. Akiona kiota anachomeka tawi bichi, na hapo hapachimbwi mpaka makinda yaruke. Wenye haraka walinung'unika. Hakubishana; alichukua karai lake akachimba mbali zaidi.

Hata yeye alikosea. Kinda la Nyota lina madoadoa, halifanani kabisa na wazazi. Miaka mingi Mzee alilifukuza kwa madongo, akidhani ni mwizi wa viota. Siku aliyomwona mama mwenyewe akililisha, aliliacha dongo lianguke. Nelius, anayetupikia chai, akamwambia, “Pole, Mzee. Kwani wewe ulizaliwa na ndevu?” Mzee alicheka mpaka akaegemea jembe.

Sasa mvua za Oktoba zinakaribia, na tumeulizana ni nani atatangulia. Tumekubaliana hivi: kila anayetaka kuchimba ataingia kwanza bila jembe, aangalie. Wenzetu Igoki na Njuki wameshaanza kufundishwa na Mzee. Mwenye haraka atusamehe, udongo utangoja.

Asante, Mzee. Tunakuombea uzee wa amani huko kwako Runyenjes. Na mvua ikinyesha, usikose usingizi: korongo lina watu.