Zdravka Mutafova na Shule ya Watoto Kumi na Saba

Ndugu, majirani, walimu wastaafu, na ninyi nyote mliofundishwa kusoma na marehemu: mimi ni Vasilka, mdogo wake. Watoto wake wameniomba niandike wasifu huu kwa sababu nimeishi naye miaka mingi kuliko wao, na kwa sababu kazi yangu imenizoesha tarehe. Niliuandika jana mchana, mezani kwake. Mtanisamehe nikiusoma kama mtu anayesoma orodha. Tangu Jumanne watu wananishika mkono na kunipa pole, nami naitikia, lakini sijahisi kitu bado.

Marehemu Zdravka Hristeva Mutafova alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1953 hapa Gorno Yasenovo, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Hristo na Stana Kehayov. Baba alikuwa fundi wa msumeno kwenye kiwanda cha mbao. Mama alitunga majani ya tumbaku, nasi tukimsaidia kila kiangazi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Marehemu alipokuwa na miaka minane, nami mitano, alitupanga mimi na kuku watatu kwenye ngazi za nyumba akatufundisha kuhesabu. Mimi nilifukuzwa darasani kwa kucheka. Kuku waliendelea na masomo.

Alianza darasa la kwanza Septemba 1960 katika shule ya msingi ya kijiji hiki. Mwaka 1964 alikwenda kukaa bweni mjini, akamaliza sekondari mwaka 1971, na Juni 1974 akapata cheti cha ualimu wa madarasa ya chini huko Plovdiv. Alipewa nafasi ya kufundisha kulekule Plovdiv, pamoja na chumba cha kuishi. Aliikataa. Baba alipomuuliza kwa nini, alijibu, "Baba, kule walimu wapo." Tarehe 15 Septemba 1974 alisimama mbele ya ubao uleule aliojifunzia. Shule ilikuwa na watoto 112.

Jumapili ya tarehe 12 Septemba 1976 alifunga ndoa na Asen Mutafov, dereva wa basi la kwenda mjini. Msimamizi wake wa ndoa alikuwa Milka Dzhelepova, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Kwetu msimamizi wa ndoa ni ndugu kabisa. Anaalikwa kabla ya shangazi na wajomba. Mwaka uliofuata Milka aliajiriwa kuwa mpishi wa shule. Zdravka na Asen walijaliwa watoto wawili, Radostina mwaka 1978 na Lyudmil mwaka 1982. Asen alifariki tarehe 3 Mei 2006 kwa mshtuko wa moyo, akiwa kazini. Alikuwa amekwisha kuliegesha basi pembeni na kuvuta breki ya mkono. Abiria kumi na mmoja walishuka salama.

Marehemu alifanywa mwalimu mkuu mwaka 1996. Watoto walikuwa wamebaki 41. Majira ya baridi ya mwaka huo, mshahara wake wa mwezi ulinunua unga na mafuta ya kupikia, basi. Kuni za shule ziliisha Februari. Siku moja alikuja mkaguzi kutoka mjini, bwana mnene mwenye koti la manyoya, akakuta watoto wanazunguka madawati kwa mwendo wa haraka huku mwalimu akiwaongoza.

"Hili ni somo gani, mwalimu mkuu?"

"Jiografia. Tunavuka milima ya Balkani kwa miguu."

"Na mtafika lini?"

"Tukipata joto, bwana mkaguzi."

Mkaguzi aliangalia jiko lililozimika, akafunga vifungo vya koti, akaingia kwenye mstari. Walifika mpaka mto Danube. Wiki iliyofuata lori la kuni lilikuja, na kwenye karatasi zake hapakuwa na jina la aliyelituma.

Mimi nilikuwa mhasibu wa shule tatu za vijiji hivi. Hapa nilikuja kila Alhamisi. Kwa hiyo sehemu inayofuata naifahamu kuliko mtu yeyote aliyepo hapa, na marehemu aliniagiza niiseme yote. Maneno yake yalikuwa, "Vasilka, usinipake rangi."

Tangu mwaka 2008 pesa za serikali zilimfuata mtoto. Kila mtoto alikuja shuleni na leva 1,380 kwa mwaka, na akihama, pesa nazo zilihama. Hesabu ya watoto ya mwaka 2011 ilikuwa ishirini. Agosti ya mwaka huo familia moja ilikwenda Hispania kuchuma pilipili hoho, na watoto wake watatu wakaenda nayo. Tarehe 4 Januari 2012 barua ya manispaa ilifika: shule ina watoto kumi na saba, bajeti ina pengo la leva 4,140, mwalimu mkuu aeleze kufikia tarehe 31 jinsi atakavyoliziba. Asipoliziba, shule itafungwa kabla ya Februari kuisha.

Aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, bwana Gancho, alikuja ofisini akavua kofia.

"Zdravka, dada yangu, unajisumbua bure. Yale majina matatu yaache daftarini. Watoto wako Hispania, nani atakuja kuwahesabu?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Gancho, kila asubuhi naita majina. Nikifika kwao nijiitikie mwenyewe?"

Gancho alicheka, akavaa kofia yake, akaondoka. Marehemu aliyafuta yale majina kwa rula na wino mwekundu, mstari mmoja kila jina.

Alhamisi ya tarehe 5 nilimpa hesabu. Vitabu, umeme na maji tulikuwa tumeshavikata mwaka uliotangulia. Yeye mwenyewe alijiondolea posho ya ukuu, leva 320. Kilichobaki kikubwa kilikuwa kimoja. Mshahara wa mpishi pamoja na bima ulikuwa leva 3,820 kwa mwaka. Ukijumlisha na posho ile, pengo linajaa, haibaki hata senti. Nilipiga mstari chini ya jumla, nikamsogezea karatasi. Alizifuata tarakimu kwa kidole, moja moja.

"Hakuna njia nyingine?" aliniuliza.

"Hakuna," nilisema.

Njia nyingine ilikuwepo. Mimi nililipwa na shule hii leva 90 kwa mwezi, yaani 1,080 kwa mwaka, nami nilikuwa na shule mbili nyingine zinazonilipa. Ningesema nitaandika vitabu vya hapa bila malipo, Milka angebaki kwa nusu siku na nusu mshahara, na leva 830 zilizopungua tungeziokoa kwenye kuni, kwa kuwaomba wazazi wakakate msituni. Hesabu hiyo niliifanya kichwani palepale, mbele yake. Sikuisema. Wakati ule nilikuwa nalipa mkopo wa paa la nyumba. Nasema hivyo ili mjue, si kwa kujitetea.

Ijumaa, tarehe 27 Januari, nilikuja ingawa si siku yangu, kwa sababu barua ya kumwachisha Milka kazi ilihitaji saini yangu. Milka alikuwa jikoni anamenya viazi. Nilisimama mlangoni.

"Milka, kaa kidogo," marehemu alimwambia.

"Nikae wakati watoto wanakula saa sita? Sema tu, nasikia kwa masikio."

"Kuanzia Februari sina mshahara wako."

"Utachelewa mpaka lini? Machi?"

"Hautachelewa. Haupo."

Milka aliweka kisu chini. Alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Na huyu wa Alhamisi? Wake upo?"

"Shule lazima iwe na mhasibu. Ni sheria."

"Ahaa. Sheria. Na tumbo la mtoto halina sheria." Akachukua kisu chake. "Nilikushikia shada la harusi, Zdravka. Nilimshika Radostina kabla hujamshika wewe. Haya. Tokeni jikoni kwangu, nina kazi."

Alimaliza viazi, akapika, akawapakulia watoto kumi na saba, akaosha masufuria yote na kuyapanga kuanzia kubwa mpaka dogo. Aprini aliitundika kwenye msumari wake, ufunguo akauacha juu ya meza. Marehemu alibaki ofisini mpaka Milka alipopita getini. Aliniambia, "Tia saini." Nikatia.

Shule haikufungwa. Chakula cha mchana wazazi walipika nyumbani kwa zamu, na Jumatatu ilikuwa zamu ya marehemu. Mlimwona na sufuria la supu ya maharagwe amelifunga kwa blanketi, analiburuta juu ya ubao wa kutelezea kwenye theluji. Septemba ya mwaka ule Tsvetina, mjukuu wa Milka, aliingia darasa la kwanza. Bibi yake alimleta kila asubuhi mpaka getini, hakuvuka. Alimfunga skafu, akamsukuma ndani, akageuka. Kanisani alisimama upande mwingine. Akimwona marehemu barabarani, alivuka. Marehemu hakumlalamikia kwa mtu. Aliwahi kuniambia mara moja tu, "Ana haki," na akaendelea kusahihisha madaftari.

Shule iliishi miaka minne na miezi minne zaidi. Watoto ishirini na tisa walisoma hapa katika muda huo. Tarehe 30 Juni 2016, ikiwa na watoto sita, manispaa iliifunga. Marehemu alikabidhi madawati ishirini na matatu, ramani nne, jiko moja na funguo, akapewa risiti, akastaafu. Tsvetina alikuwa mmoja wa wale sita. Cheti chake ni cha mwisho kabisa kutiwa saini na marehemu.

Mwezi Novemba 2018 marehemu alianza kulalamika maumivu ya mgongo. Tarehe 22 madaktari walisema ni saratani ya kongosho na kwamba imechelewa. Alirudi nyumbani, nami nikahamia kwake. Radostina alikuja kila mwisho wa wiki; Lyudmil alikuja kutoka Ujerumani mara mbili.

Tarehe 15 Januari mwaka huu, saa tano asubuhi, mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Milka, na sufuria mkononi. Alinipita kama anayepita kabati.

"Nimekuja kuona kama ni kweli," alisema.

"Ni kweli," marehemu alijibu.

"Umekonda, maskini."

"Nimebana bajeti."

Milka hakutaka kucheka, lakini alicheka, akakaa kitandani. Kisha marehemu akasema, "Ningefanya vilevile tena, Milka. Sitaki nikudanganye sasa hivi."

"Najua. Kwa nini unadhani nimekaa miaka saba bila kuja?"

Hapo ndipo nilipozungumza. Nilisimama mlangoni, kama siku ile, nikasema habari ya leva 1,080, kuni, na nusu siku. Nilisema yote. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu wa redioni.

Dada hakushtuka. "Nilijua," alisema. "Nami nilijumlisha siku ileile. Nilingoja useme mwenyewe. Nilingoja Alhamisi tatu, Vasilka."

"Kwa nini hukuniambia? Ulikuwa mkubwa wangu, kazini na nyumbani."

"Ningekuambia ungekubali. Nilitaka utoe." Alifumba macho. "Hapo nilikosea. Nilikuwa nakupima wewe, na Milka ndiye aliyelipa."

Milka alikuwa anatuangalia kwa zamu. Nilidhani angeinuka aende zake. Alifunua sufuria, akachota kijiko.

"Mmemaliza, ninyi watoto wa Kehayov? Haya, fungua mdomo. Inapoa."

Marehemu alikula vijiko vinne. Siku zile alikuwa hali hata viwili. Toka hapo Milka alikuja kila siku saa tano, akampikia, akamlisha, akamwogesha. Walicheka sana mle ndani. Mimi hakunisemesha, na mpaka asubuhi ya leo hajanisemesha. Simdai.

Zdravka alifariki Jumanne, tarehe 5 Machi 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Milka alikuwa amemshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto.

Ameacha watoto wawili, Radostina na Lyudmil. Wajukuu watatu, Boyana, Asen na Yulian. Mkwe mmoja, Plamen. Na mimi mdogo wake. Ameacha pia Milka Dzhelepova. Nilikuwa nimemwandika "rafiki wa marehemu". Jana alimtuma Radostina aje kunisahihisha. Ujumbe ulikuwa kwamba rafiki ni mtu yeyote, na kwamba barua yenye saini yangu yeye hajaipokea hata leo. Kwa hiyo nimefuta, na sasa nasoma kama ilivyo kwenye programu mliyo nayo mkononi: Milka Dzhelepova, mpishi wa shule ya Gorno Yasenovo.

Mungu ampokee dada yetu Zdravka, ampumzishe kwa amani.