Maneno Matano ya Mwalimu Syombua

Marehemu Mwalimu Eunice Syombua alizaliwa Migwani, Kitui, tarehe 14 Machi 1958, binti wa pili wa marehemu Mzee Kyule, akasoma huko huko, akahitimu ualimu mwaka 1980, na kwa miaka thelathini na minane akafundisha hesabu katika shule za Mbooni. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Mzee Kitonga wa Kalamba, wakajaliwa watoto watatu, na kifungua mimba wao, Mumbua, ndiye aliyemuuguza.

Ugonjwa ulianza Januari 2024, kwa kuumwa kichwa na kusahau, akawa anatia chumvi kwenye chai na kumwita Mumbua kwa majina ya wanafunzi wa zamani. Kliniki moja, ambayo familia haitaitaja hapa, ilimpima kumbukumbu kila mwezi, kwa karatasi ile ile na maneno matano yale yale, kikapu, mbuzi, kanisa, daraja, shati, naye, kwa kuwa hakuwahi kukubali kufeli, akayakariri pamoja na majibu ya maswali mengine ya karatasi hiyo, jikoni akichambua ndengu. Februari alipata kumi na saba kwa thelathini, Machi ishirini na mbili, Mei ishirini na saba, ilhali nyumbani njia ya chooni ilikuwa imeshampotea.

Mumbua aliomba mama apigwe picha ya ubongo, akamwambia daktari wa kliniki, "Hayo maneno ameyakariri, daktari. Mpeni mengine muone."

"Tukibadilisha karatasi hatutaweza kulinganisha," akajibiwa. "Alama zinapanda, mama yako anapona."

Mumbua alitoka pale na hasira, maana hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba mtihani ukirudiwa kila mwezi hupimi tena akili, unapima mazoea.

Tarehe 2 Oktoba Mwalimu alianguka, hospitali nyingine ikampiga picha, ikaona uvimbe, na daktari wa huko akasema waziwazi kwamba ungeonekana mwezi wa tano ungetolewa. Alifariki tarehe 19 Novemba 2024, mikononi mwa Mumbua, na faili yake kule kliniki bado inasema ishirini na nane kwa thelathini, alama za kipimo chake cha mwisho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea mwishoni, majirani wa Kalamba waliombeba hadi barabarani, na walimu wenzake waliokuja kuketi naye hata alipokuwa hawatambui. Kliniki ile haishukuriwi. Mumbua ameiandikia kaunti malalamiko, barua iko pale mezani, anayetaka kutia sahihi atie kabla ya kuondoka.

Pumzika, Mama, amani ikuchukue, sisi bado tuna kazi.