Historia ya Marehemu Novatus Aron, Mpanda Barafu wa Kirushya

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Kijiji, ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, atakayewasomea maisha ya mpendwa wetu ni Danstan, shemeji wa marehemu, na ieleweke mapema kwamba hakujitolea, marehemu mwenyewe ndiye aliyemtaja.

Marehemu Novatus Aron alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa Kirushya, mtoto wa pili kati ya saba wa Mzee Aron na Mama Secilia, akasoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, ambako alisifika kwa hesabu na kwa kupanda miparachichi ya watu.

Mwaka 1985 alikwenda Moshi kuchuma kahawa, akaishia kubeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro, na kuanzia 1991 akawa msaidizi wa wale wachache waliopanda kuta za barafu, kazi aliyoifanya hadi Juni 2007, aliporudi nyumbani na mashoka matatu ya barafu, moja refu lenye mpini ulionyooka na mawili mafupi yenye mipini iliyopinda.

Tarehe 10 Julai 1993 alifunga ndoa na Generoza, dada yake Danstan, wakajaliwa Priscila, Renatus na Anastazi, ambao wote walijua kabla ya kipaimara kwamba shoka lililonyooka ni la mteremko, unatembea nalo kama fimbo, na yaliyopinda ni ya ukuta uliosimama, ili vidole visigonge barafu.

Taabu ni kwamba Kirushya barafu ni ile ya friji la soda, hivyo watu walisikiliza wakacheka, na aliyecheka kuliko wote ni Danstan, ambaye kwenye sherehe ya kipaimara cha Priscila aliuliza, mbele ya katekista, kama huko Moshi walikuwa wanapanda friji, na tangu siku hiyo marehemu akaitwa Mzee Friji hadi na vijana wa bodaboda wa Ngara mjini, jambo lililomuumiza sana ingawa hakulalamika.

Tarehe 9 Novemba 2016 marehemu na mkewe walimtembelea Danstan nyumbani kwake Biharamulo, mashoka yakiwa kwenye kiroba kama kawaida yake, maana hata harusini alikwenda nayo. Danstan akateremka kukagua shimo la choo kipya, lenye kina cha futi kumi na nne, ngazi ya mikaratusi ikakatika, mvua ikashuka, na wachimbaji walikuwa wameshaondoka na kamba yao. Marehemu aliyafunga mashoka kwenye kitenge cha mkewe, lakini kabla ya kuyateremsha akauliza shemeji anataka yapi, Danstan akapiga kelele kwamba yoyote, naye akajibu kwa utulivu, "Shemeji, hapo ndipo watu wanapoumia," akaanza somo, ambalo lilikwisha maji yakiwa magotini: piga mara moja, kwa kiwiko na kiganja, si kwa bega, livute kidogo kulijaribu kabla ya kuliamini, chimbia vidole vya miguu, na using'oe shoka moja kabla la pili halijashika. Yale mawili yaliyopinda yakateremshwa, na Danstan, mwenye kilo tisini na nane, akapanda ule ukuta wa udongo kwa mapigo kumi na tisa, akimwita Bikira Maria katika kila moja.

Majirani walipofika, Danstan aliwaambia ameshika mzizi wa mkaratusi akatoka mwenyewe. Ndugu waombolezaji, hapakuwa na mzizi. Marehemu alisikia, akarudisha mashoka kirobani, akaomba chai, na Generoza alipotaka kusema alimkataza, kwamba mtu aliyetoka shimoni aachwe apumzike kwanza, na Danstan amepumzika karibu miaka minane.

Februari 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa kwa vipindi, hadi alipofariki tarehe 3 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, siku tatu baada ya kuagiza kwamba historia yake isomwe na Danstan, bila kusema sababu, wala Danstan hakuiuliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kirushya waliokesha nasi, na wenzake wa Moshi waliopiga simu wakimwita Fundi, nasi tukadhani wamekosea namba. Aliyeanzisha jina la Mzee Friji ni Danstan, na ndiye huyu aliyesimama mbele yenu akiona haya.

Shemeji Novatus, barafu uliipanda kweli. Pumzika kwa amani.